Jibu: Barabara ya mtaa imekatika, mwenyekiti "hana fungu"

Mkuu, umeuliza ufanye nini barabara ya mtaa wenu hapa Mbeya imekatika na mwenyekiti wa mtaa anasema hana fungu la kuitengeneza. Mwenyekiti wako hakudanganyi. Mtaa hauna bajeti ya barabara, na tangu 2017 barabara za mitaa ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), si kwa Mkurugenzi wa Jiji. Kama ni ile kubwa ya kwenda Tunduma, hiyo ni TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), usipoteze nauli kwenda TARURA.

Wengi hapa Mbeya wanakwama kwenye karatasi. Wanalalamika kwa diwani kwa mdomo, diwani anaitikia, basi. Anza na mkutano wa mtaa: hakikisha Mtendaji wa Mtaa anaandika muhtasari unaotaja barabara, sehemu ilipokatika na urefu wake kwa mita (pima kwa hatua, inatosha), kama tatizo ni kalavati au mfereji, na mahudhurio yaliyosainiwa. Bila mahudhurio muhtasari ni porojo tu. Upelekwe Kamati ya Maendeleo ya Kata; mwenyekiti wake ni diwani, katibu Mtendaji wa Kata. Nakala ya pili ipeleke mwenyewe ofisi ya TARURA, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Muda nao una maana. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini vipaumbele hupangwa miezi mingi kabla. Ukipeleka Machi, mvua ikiwa imeshabomoa, unaomba matengenezo ya dharura, si mradi wa kuingizwa kwenye bajeti. Lenga Septemba au Oktoba.

Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Huongei, ila diwani akikuona umekaa pale, swali lako halisahauliki.