Moli na Trei ya Mayai

SWALI: Mwalimu, mbona moli moja ya kaboni ni gramu 12 na ya chuma gramu 56, ilhali idadi ya atomu ni ile ile? – Mwanafunzi, Kayole

JIBU: Mwanangu, swali hili nalipenda sana. Mimi hununua mayai Gikomba kwa trei: mayai 30. Sasa panga mayai 30 ya kware. Utayainua kwa vidole viwili. Idadi moja, uzito tofauti. Moli ndiyo trei ya wanakemia, ila hubeba chembe 6.022 × 10²³, na atomu ya chuma ni nzito kuliko ya kaboni. Leo jioni pima mililita 18 za maji, kijiko kikubwa na ziada kidogo. Hapo umeshika moli nzima ya molekuli za maji!