Nina stashahada ya hoteli, mbona sipati kazi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina stashahada ya uendeshaji wa hoteli, na alama zangu ni nzuri. Naomba kazi ya mapokezi Nungwi na Kiwengwa, lakini nikishafanyiwa usaili siitwi tena. Waajiri wanatafuta nini hasa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimesimamia usafi wa vyumba hotelini Kaskazini Unguja kwa miaka mingi, na vijana wa kuajiriwa nikiwahoji mwenyewe. Cheti nilikitazama mwisho. Kwanza nilitoa kisa: mgeni kasafiri usiku kucha, kafika saa mbili asubuhi, chumba chake hakijasafishwa, na amekasirika. Utafanyaje?

Wengi hujibu, "Nitamwambia asubiri mpaka saa nane, ndio utaratibu." Ni kweli ndio utaratibu, lakini yule mtu amechoka. Niliyemtaka ni yule atakayempa pole, ampe maji ya kunywa, amwonyeshe pa kuoga, awapigie watu wa usafi kuuliza chumba kipi kitawahi, kisha arudi kumwambia saa ya kweli. Kwenye kurudi ndipo wengi wanapokwama. Wanakumbuka tabasamu, wanamsahau mgeni.

Kiingereza unacho, na wenzako wote wanacho. Kiwengwa Waitaliano ni wengi. Ukiweza kumkaribisha mgeni kwa Kiitaliano, ukamweleza saa za chakula na mahali pa kubadilishia fedha, utawapita wenye alama kukuzidi. Anza na maneno hayo ya kazini, sarufi itafuata.

Halafu, kwa nini unaomba mapokezi tu? Omba na usafi wa vyumba. Wapo wazazi wanaoona kutandika kitanda si kazi ya msomi, na hilo huniuma sana. Aliyewahi kuvua shuka, kusugua bafu na kukagua chumba kabla mgeni hajaingia, akihamia mapokezi hatoi ahadi zisizotimizika.

Aprili usijisumbue. Ni masika, hoteli nyingi za pwani zimepunguza watu na nyingine zimefunga. Nenda Mei, wanapojiandaa kwa wageni wa Juni. Nenda mwenyewe, nguo zimepigwa pasi, na barua kutoka ulikofanyia mafunzo kwa vitendo. Barua hiyo itaje kazi ulizozifanya na iwe na namba ya simu ya msimamizi wako, maana mimi nilikuwa nampigia kabla ya kuamua.