Divai nyekundu isiyokausha mdomo
Ndugu, kama divai nyekundu zote zinakukausha ulimi, jaribu Beaujolais ya Ufaransa. Inatengenezwa kwa zabibu ziitwazo Gamay, ambazo hazina tanini nyingi, na tanini ndiyo inayokuacha mdomo mkavu kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Usiinywe ikiwa vuguvugu! Iweke kwenye friji kama saa nzima, ifike nyuzi 13 au 14 hivi, uone matunda yanavyojitokeza. Ukikuta chupa imeandikwa Morgon, hiyo nayo ni Beaujolais, nzito kidogo, na mimi ndiyo chaguo langu. Pinot Noir, divai nyekundu ya zabibu nyingine, pia ni laini, ila za bei rahisi zimeshanivunja moyo mara nyingi. Ikibaki, zibe urudishe kwenye friji, kesho bado inanyweka.