Swali la Lugha: "Pakia" wapi?

SWALI: Natengeneza programu ya kompyuta ya kusimamia sintesaiza nne (ala za muziki zinazounda sauti kwa umeme) za studio moja hapa Kampala. Kitufe kimoja nimekiandika "Pakia", kingine "Pakua". Watu wawili walioijaribu walivielewa kinyume, na mmoja akafuta sauti zake zote. Je, nimekosea Kiswahili? Na kuiita "rafiki kwa mtumiaji" ni sahihi?

JIBU: Kiswahili hukukosea, ndugu yangu. Kilichokosekana ni gari.

Kupakia na kupakua ni vitenzi vya mizigo. Pale Old Taxi Park kondakta akisema "tunapakia", hakuna anayeuliza wapi, maana gari liko mbele yenu. Kwenye skrini yako vyombo ni viwili, na chochote kati yake chaweza kuwa gari. Huyu anaona kompyuta ikipakia sauti za sintesaiza. Yule anaona sintesaiza ikipakiwa sauti za kompyuta. Wote wana haki. Nayo "pakua" haikuokoi: inatengua tu kitendo, kama funga na fungua, au kama mnavyosema kwa Kiganda okutikka na okutikkula. Inasema mzigo umeshuka, haisemi umeshukia wapi. (Mpishi, yeye, akisikia "pakua" anatafuta sahani.)

Mimi ningeandika "Peleka kwenye sintesaiza" na "Leta kwenye kompyuta". Peleka na leta hubeba ndani yake mahali alipo msemaji, na mtumiaji wako yuko mbele ya kompyuta. Hata asiposoma zaidi ya neno la kwanza, mwelekeo ameshaupata.

Kosa lenyewe si dogo. Yamaha DX7, sintesaiza iliyotoka mwaka 1983, huhifadhi ndani yake sauti 32 na yaweza kupokea zote 32 kwa mkupuo mmoja, mpya zikifuta za zamani. Ndiyo maana iliwekewa kinga ya kumbukumbu, ambayo sharti uiondoe kwanza. Nawe usiulize "Una uhakika?", watu hubonyeza Ndiyo bila kusoma. Andika: "Sauti 32 zilizomo kwenye sintesaiza zitafutwa."

Chunga pia neno "programu". Katika MIDI, lugha ambayo ala za kielektroniki na kompyuta huwasiliana kwayo, namba ya programu, 0 hadi 127, ndiyo huchagua sauti. Lakini kwa msomaji wa Kiswahili programu ni hiyo unayoitengeneza wewe. Sema "sauti namba 5". Na jina la chombo chenyewe? "Kibodi" iache, kompyuta tayari inayo yake. "Kinanda" nalipenda, kanisani kila mtu analijua, ila sintesaiza nyingine ni kisanduku tu, hakina pa kupigia vidole. Kwa hiyo baki na sintesaiza: sintesaiza hii, sintesaiza hizi.

"Rafiki kwa mtumiaji" inaeleweka, lakini inanuka tafsiri. "Rahisi kutumia" yatosha.

Ukishabadilisha vitufe, waite tena wale wawili wajaribu bila kuwaelekeza. Yule aliyepoteza sauti mtafutie nakala kwanza.