Nimefunga siku 3 sijasikia sauti, nitajuaje Mungu ananiongoza?

SWALI: Bwana asifiwe mchungaji. Mimi niko Busia upande wa Uganda, nauza mitumba, nina mtoto wa miaka 4. Kuna wakala anataka kunipeleka kyeyo (kazi za nje) Uarabuni. Ndugu mmoja wa maombi alinitabiria nitapanda ndege ila akasema nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya laki 3 ndo mlango ufunguke. Mama hataki niende. Nimefunga siku 3, sijasikia kitu. Nifanye nini?

JIBU: Asifiwe sana dada yangu. Nimesoma swali lako mara mbili na kilichoniuma ni hiyo laki 3, kwa hivo acha nianzie hapo. Usiitoe. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasidharau unabii ila wapime kila kitu, na Roho Mtakatifu hauzi mlango. Hata kama huyo ndugu alikutajia jina la marehemu babu yako, usiitoe.

Sasa kuhusu sauti. Wengi tumezoea kumtafuta Mungu siku kubwa tu, siku ya safari, ya ndoa, ya kununua kiwanja, siku zingine tunajiendea wenyewe. Hata mimi. Kuna kipindi nilikuwa naomba kila asubuhi Mungu anionyeshe kibanja cha kununua, alafu siku moja nikatoa pesa kwa ajenti wa mobile money, nafika nyumbani nahesabu nakuta noti ya elfu 20 imezidi, ilikuwa imegandana na mwenzake. Nikaiweka ndani ya Biblia nikaendelea kuombea kibanja. Siku 2 maombi hayapandi, nikifumba macho naiona ile noti. Siku ya 3 nikairudisha, yule binti akakaa kwenye benchi akajifunika uso na leso, maana bosi wake alishamwambia atamkata mshahara. Hapo ndo nikajua Mungu alikuwa anaongea nami muda wote, ila mimi nilitaka aongee habari ya kibanja.

Kwa hivo dada, kabla ya kuuliza habari ya ndege, uliza kama kuna kitu alishakuambia bado hujafanya. Zaburi ya 119 inasema neno lake ni taa ya miguu yetu. Wewe unajua tadoba, ile taa ndogo ya mafuta, ukitoka nayo usiku unaikinga upepo na kiganja, inamulika pale unapokanyaga tu, huko mbele hukuoni mpaka usogee.

Alafu soma Matendo 16 polepole. Paulo alitaka kuhubiri Asia Roho akamzuia, akajaribu Bithinia akazuiwa tena, na hakuambiwa sababu, aliendelea kutembea mpaka Troa ndo akaona maono ya yule mtu wa Makedonia. Angalia kitu kimoja: aliyeona maono ni Paulo peke yake, lakini Luka anaandika kwamba ni "sisi" tuliona hakika Mungu ametuita. Walikaa wakapima pamoja. Na huko Filipi wakachapwa viboko wakafungwa, kwa hivo usipime njia ya Mungu kwa ulaini wake.

Hata uamsho wetu huu wa Balokole, yaani waliookoka, una mzizi hapo. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church alikuja Kampala kutoka Gahini, Rwanda, amechoka kabisa, akakutana na Mganda mwenzetu wa imani, Simeon Nsibambi, pale kilima cha Namirembe, wakakaa wawili na Biblia wakaisoma na kuomba. Alichohitaji alikipata akiwa ameketi na ndugu yake.

Wewe pia usiamue peke yako na njaa ya mfungo. Kaa na mama, muulize anaogopa nini hasa, saa ingine Mungu anaongea kupitia woga wa mama, saa ingine ni woga tu, ila msikilize mpaka amalize. Alafu uliza Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kama kampuni ya huyo wakala ina leseni. Wengine watakuambia huko ni kukosa imani. Siyo kweli, akili pia ametupa Bwana, na wasichana wetu wamelia sana huko kwa kupelekwa na watu wasiojulikana. Kama leseni hakuna, jibu umeshapata, usingoje ndoto. Kama ipo, na mama ameridhika, na mtoto ana wa kumlea, basi tuendelee kuomba ukiwa na amani, usikimbizwe na tarehe ya wakala.

Mfungo vunja leo, kula, lala. Na uniandikie jina la mtoto, nataka nianze kumwombea.