Mkuu, kabla ya spredi fungua ukurasa wa maelezo ya mkataba

Umesema una dola 300, unataka kuanza kubashiri bei za dhahabu na mafuta mtandaoni, na umebaki na majukwaa mawili: moja spredi yake (pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza) ni nyembamba, lingine lina usajili wa kueleweka ila spredi imenenepa kidogo. Mimi ningechukua hilo la pili. Spredi iliwahi kunipofusha.

Nilijiunga na broka mmoja (kampuni inayokuunganisha na soko), simtaji, kwa sababu spredi ya mafuta ilikuwa senti 3. Nikanunua loti 0.1 (loti ni kipimo cha ukubwa wa oda), yaani mapipa 100, nikalaza oda, yaani nikaiacha wazi usiku, siku kadhaa. Asubuhi moja nakuta bei imeruka kutoka 71.20 hadi 72.00. Dola 80 hizo! Kufungua historia ya akaunti, dola 86 zimekatwa. Nikawaandikia kwa hasira. Kumbe bei ile hufuata mikataba ya mafuta ya mwezi kwa mwezi; wa mwezi ule ulikuwa umeisha, wakanihamishia wa mwezi unaofuata, ambao ulikuwa ghali kwa senti 80. Soko lenyewe halikupanda hata kidogo. Zile 80 zilifuta faida hewa, ni halali kabisa. 6 zilizobaki ndizo chao cha kunihamisha. Yote yaliandikwa kwenye maelezo ya mkataba, nami sikuwahi kuyasoma.

Humo ndimo utakuta pia ukubwa wa loti. Kwa dhahabu, loti 1 kwa kawaida ni wakia 100, hivyo 0.01 ni wakia 1: bei ikisogea dola 10, nawe umesogea dola 10. Kwa mtaji wako usizidishe hapo. Angalia na ada ya kulaza oda. Kuna siku moja ya wiki, mara nyingi Jumatano, inakatwa mara tatu kufidia wikendi.

Usajili usiuamini kwa nembo iliyobandikwa chini ya tovuti. Ingia kwenye daftari la msimamizi wa masoko ya fedha mwenyewe, mfano FCA ya Uingereza, utafute namba, kisha ulinganishe anwani ya tovuti herufi kwa herufi, maana matapeli huiga majina ya kampuni halali. Halafu soma kwenye mkataba wa kufungua akaunti ni kampuni ipi hasa inayokupokea. Broka yuleyule anaweza kuwa na tawi Ulaya, ambako tangu 2018 levereji (ukubwa wa oda ukilinganisha na pesa uliyoweka) ya dhahabu kwa mteja wa kawaida haizidi 1:20, na tawi jingine kisiwani linalokupa 1:500 bila ulinzi wa salio hasi, yaani unaweza kudaiwa zaidi ya ulichoweka. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa Mei wa WTI, mafuta ghafi ya Marekani, ulifunga dola 37.63 chini ya sifuri. Wapo waliolala na akaunti, wakaamka na deni.

Akaunti ya majaribio ni ya kujifunzia vitufe tu. Ukitaka kuona spredi halisi, fungua akaunti ya kweli Jumatano saa 4:30 asubuhi za New York, takwimu za akiba ya mafuta ya Marekani zikitoka, utazame tu bila kugusa.

Mwisho, weka dola 50, fungua oda moja ndogo, ifunge, toa zote. Broka wangu wa sasa alinirudishia ndani ya siku 2. Yule wa kwanza aliniomba picha ya kitambulisho mara tatu; ya tatu akasema kona moja haionekani.