Waya "wenye nguvu" ndio ulioniumbua

Hapa Kigoma, alumini nyingi inayoingia karakana inatoka ziwani. Mguu wa injini ya boti umegonga jiwe, bano limekatika, kava la gia lina ufa. Vyote vimemiminwa kwenye kalibu, na hapo ndipo vijana waliozoea kuchomelea mageti huumbuka.

Mimi niliumbuka mapema. Nilikuwa na pakiti mbili za waya wa tigi, ule wa kujazia unapochomelea alumini, zenye namba za aina 4043 na 5356. Nilishaambiwa 5356 ina nguvu zaidi, na ni kweli. Nikaitumia hiyo 5356 kujazia bano la boti moja ya mwalo wa Kibirizi, mstari ukalala vizuri kuliko wowote niliowahi kulaza. Hata ngao sijavua, nikasikia "tii!" Ufa umepita katikati ya mstari, mwanzo hadi mwisho.

Alumini nyingi ya kumiminwa ina silikoni, maana ndiyo inayoifanya itiririke ijaze kona za kalibu. Aina moja ya alumini hiyo, A356, ina kama asilimia 7. Waya wa 5356 una magnesiamu kama asilimia 5. Viwili hivyo vikikutana kwa wingi, mstari unakuwa mkavu kama kigae. 4043 ina silikoni asilimia 5, yaani ni ndugu wa kipuri chenyewe. Kama shida yako ni kuvuja, waya wa 4047 wenye silikoni asilimia 12 hutiririka vizuri zaidi. Na kwenye silinda hedi usiifikirie 5356 kabisa. Haipendi kukaa kwenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi.

Vipo vipuri vichache vilivyomiminwa kwa alumini yenye magnesiamu badala ya silikoni, na hivyo ndivyo vinavyoitaka 5356. Utavitambuaje? Bahati yetu, mji huu una wapika sabuni ya mawese, kwa hiyo kostiki soda haikosekani. Piga tupa sehemu ndogo, toa mafuta, dondoshea tone la kostiki iliyoyeyushwa, subiri dakika chache, suuza. Pakiwa kijivu cheusi, kuna silikoni au shaba: chukua 4043. Pakibaki peupe, silikoni ni kidogo. Vaa glavu na miwani, kostiki haina mzaha na jicho.

Halafu ile tabia ya kuchuna nyaya za umeme na kuzifanya waya wa kujazia. Mdogo wangu, acha. Ile ni alumini karibu tupu. Ikichanganyika na kipuri inaipunguza silikoni, na alumini yenye silikoni ya asilimia 1 hivi hupasuka kirahisi sana.

Waya sahihi nao hauokoi kipuri kichafu. Mguu wa injini umekunywa oili miaka. Toboa kitundu kila mwisho wa ufa, chimba ufa wote kwa biti ya kabaidi (jiwe la grenda linapaka uchafu ndani), pasha moto oili itoke, futa kwa asetoni, pasha tena. Mimi hurudia hata mara tatu. Brashi iwe ya chuma cha pua, na isiwe imegusa chuma kingine.

Vipuri vile vyembamba, vyenye uso laini, vilivyomiminwa kwa shinikizo, vina hewa iliyonaswa ndani. Vitatoa mapovu hata ufanye nini. Mwambie mwenye boti kabla hujawasha mashine, na bei mkubaliane hapohapo.